Homa ya Ini ya Huku Kwetu Haingoji Uzeeke

Wasee, leo tuongee kuhusu ini. Najua hakuna mtu huamka Jumamosi asubuhi akitafuta stori za ini. Nivumilie tu kidogo. Kuna kitu kuhusu homa ya ini aina ya B ambacho wengi wetu hapa mtaani hatujawahi kuambiwa, na kinatuhusu sisi vijana pengine kuliko kinavyowahusu wazee.

Kwanza tutoe mkanganyiko. Homa ya ini si homa ya manjano. Homa ya manjano huletwa na mbu, ndiyo ile wanakuuliza kadi ya chanjo ukisafiri nchi zingine. Homa ya ini B ni kirusi kinachopitia kwa damu na majimaji ya mwili: mama kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, watoto wadogo wenye vidonda wakicheza pamoja, ngono bila kinga, sindano, wembe wa kuazimana. Tone la damu iliyokauka linaweza kuambukiza hata baada ya siku 7. Lakini kusalimiana, kukumbatiana na kula sahani moja hakuambukizi. Tuelewane hapo kabla tuendelee.

Sasa, kirusi chenyewe si kimoja. Fikiria Kiswahili. Kuna cha Lamu, kuna cha Mombasa, kuna cha Lubumbashi, na kuna hiki chetu cha Nairobi ambacho walimu hukisikia wakashika kichwa. Ni lugha moja, lakini mtu akifungua mdomo tu unajua ametoka wapi. Kirusi cha homa ya ini B kiko hivyo hivyo. Wanasayansi wamekigawa katika makundi yanayoitwa jenotaipu, wakayapa herufi kuanzia A hadi J. Kundi moja hutofautiana na lingine kwa karibu asilimia 8 ya maandishi yake ya kijeni.

Na kila herufi ina mitaa yake. B na C ziko sana Asia ya mashariki na kusini-mashariki: China, Japani, Vietnam. D iko kuzunguka bahari ya Mediterania, Mashariki ya Kati, mpaka India. E imejaa Afrika Magharibi. F ni ya watu wa Amerika ya Kati na Kusini, na hata Alaska ipo. Kenya je? Hapa inayotawala ni A, hasa tawi linaloitwa A1, na D pia ipo. Majirani zetu Uganda na Ethiopia nao wana A na D.

Hii ramani haikujichora yenyewe. A1, tawi la Afrika, linapatikana pia India na Brazil. Watafiti wanalihusisha na safari za watu kutoka bara hili: biashara ya Bahari ya Hindi, na biashara ya watumwa. Halafu angalia E. Watu wengi sana walitolewa Afrika Magharibi kwa nguvu wakapelekwa ng'ambo ya Atlantiki, lakini leo E ni nadra kwa vizazi vyao kule Amerika. Ndiyo maana watafiti wengi wanaona kwamba E ilisambaa sana Afrika Magharibi baadaye, meli zikiwa zimeshaacha kwenda. Yaani unaweza kusoma historia ya bahari mbili ndani ya kirusi.

Utaniuliza, na hiyo inanisaidia nini mimi wa Umoja? Inakusaidia kwa sababu herufi hizi hazina tabia moja.

Huko Asia, watu wenye C hukaa muda mrefu kirusi kikizaana kwa wingi, na kwa jumla hupata ini kukauka na saratani ya ini zaidi ya wenye B. Alaska, F imehusishwa na saratani ya ini hata kwa vijana. Na sisi wa A1? Utafiti uliochapishwa 2005 kutoka Afrika Kusini uligundua kwamba wenye jenotaipu A, ambayo kwao ni A1 zaidi, walikuwa na hatari ya saratani ya ini karibu mara 4 na nusu ya wale wenye jenotaipu zingine. Na walikuwa wakiugua wakiwa na umri mdogo zaidi. A2, ambayo ni binamu yake wa Ulaya na Marekani, haina sifa hiyo ya kukimbilia vijana.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba A1 ni mjanja. Kwa watu wengi kirusi hutulia mapema. Ukipimwa, kiwango chake kwa damu kinaweza kuwa chini. Husikii maumivu na macho hayageuki njano. Unaonekana uko fiti kabisa, unacheza boli kila Jumapili.

Hiyo ndiyo hali aliyokuwa nayo anko wangu, ndugu ya mama. Akiwa na miaka 28 alienda kutoa damu, wakampigia simu baadaye kwamba damu yake imepatikana na homa ya ini B. Akaenda kliniki fulani, akaambiwa kirusi kimelala, aendelee na maisha, arudi akijisikia vibaya. Akaendelea na maisha. Miaka minane baadaye alianza kuuma upande wa kulia chini ya mbavu. Kufikia wakati picha inapigwa, uvimbe ulikuwa umekula ini. Tulimzika akiwa na miaka 36.

Unajua matanga yetu. Watu walianza kunong'onezana: "Huyo alikuwa anakunywa kisiri." Wengine: "Hiyo ni ya kutembea na wanawake." Anko hakuwahi kuonja hata pombe ya harusi. Na kuhusu wanawake, hesabu yenyewe inakataa. Mtu mzima akiambukizwa homa ya ini B, mwili wake mara nyingi hukiondoa kirusi; chini ya watu 5 kwa kila 100 ndio hubaki nacho maisha yote. Lakini mtoto mchanga akikipata, 9 kati ya 10 hubaki nacho. Kwa hivyo huku kwetu wengi wanaoishi na kirusi hiki walikipata kabla hata ya kujua kufunga viatu. Anko alizaliwa na kirusi hicho au alikipata akicheza uwanjani na wenzake. Halafu watu wazima wakakaa chini ya hema, na chai mkononi, wakimhukumu kwa kitu kilichompata akiwa na meno ya maziwa.

Baada ya mazishi mama aliamua familia yote ipimwe. Yeye na dadake walikuwa sawa, wakachanjwa. Mdogo wao wa mwisho, ana miaka 31, akapatikana nacho. Naye pia alikuwa haumwi popote. Tofauti ni kwamba yeye hakuambiwa aende alale. Anapigwa picha ya ini kila miezi 6, na mchumba wake alipimwa akachanjwa. Harusi ni Desemba na tunachanga.

Maoni yangu ni haya: hilo neno "kirusi kimelala" litupwe. Mtu wa huku kwetu asiambiwe arudi akizeeka. Na si mimi ninayejitungia. Mwongozo wa madaktari wa ini wa Marekani wa 2005 ulisema wanaume wa Asia wenye kirusi hiki waanze kuchunguzwa saratani ya ini wakifika miaka 40, wanawake wa Asia 50, lakini Waafrika waanze baada ya miaka 20. Mwaka 2005! Ulikuwa umeandikwa wakati anko bado anakimbiza mpira. Karatasi ilijua kwamba kwetu ugonjwa huu huja mapema. Aliyekuwa anaishi nao ndiye hakuambiwa.

Lakini pia, sitaki mtu atoke hapa akidhani herufi ndiyo hukumu. Herufi haifanyi kazi peke yake. Umri uliokipata una uzito wake, pombe ina uzito wake, na kuna sumu ya aflatoksini, ile ya mahindi na njugu zilizoota ukungu. Wakenya tunaikumbuka 2004, Makueni na Kitui, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi mabaya. Ile ilikuwa dozi kubwa ya kuua haraka. Dozi ndogo ndogo ya kila siku haiangushi mtu, ila ikikutana na kirusi cha homa ya ini B ndani ya ini moja, hatari ya saratani hupanda kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Kwa hivyo ukiona unga una harufu ya ukungu, usijifanye mgumu. Tupa.

Habari njema ni kwamba chanjo haisomi herufi. Nyingi ya chanjo tunazotumia zilitengenezwa kwa kutumia kipande cha A2, binamu wa Ulaya, lakini zinakinga dhidi ya jenotaipu zote. Dawa pia. Tenofoviri, ambayo pia hutumika kutibu HIV, hukandamiza kirusi hiki kiwe A, C au E. Kwa hivyo usikubali mtu akuuzie kipimo ghali cha jenotaipu kana kwamba ndicho mwanzo wa safari. Herufi ina maana zaidi kwa daktari akifikiria dawa ya interferoni, kwa sababu A huisikia vizuri kuliko D. Mwanzo wa safari ni kipimo kinachoitwa HBsAg, na kinahitaji damu kidogo tu.

Sasa tupange foleni kwa umri. Kenya ilianza kuwapa watoto wote chanjo hii mwishoni mwa 2001, ndani ya ile sindano ya pentavalenti ya wiki 6, 10 na 14. Kama ulizaliwa 2002 kuja huku, mwambie mama akutafutie kile kitabu cha kliniki, uhakikishe zote tatu zimeandikwa. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, wewe na ndugu zako wakubwa, hamkuchanjwa mkiwa wachanga kwa mpango huo. Pimweni. Ukiwa huna, chanjo ni mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, halafu mwezi wa 6. Watu huchoma ya kwanza wakasahau zingine, usiwe huyo. Ukiwa nayo, uliza mambo matatu: hali ya ini langu iko aje, kirusi ni kingi kiasi gani, na picha yangu ya miezi 6 ni lini. Wakikwambia kimelala, uliza tena.

Na kwa wale mnaanza kuitwa baba na mama: Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa sababu kirusi cha mama hakingoji wiki 6. Mama mjamzito apimwe mapema, ili mpango uwekwe kabla mtoto hajafika.

Hatukuchagua herufi iliyokuja kuishi huku kwetu. Ilifika kabla yetu. Lakini kujua kwamba haingoji mtu azeeke, hilo sasa unalijua, na una miaka 20 na kitu. Kipimo kifanye wiki hii.