Bahari ya Lita 300 mjini Minneapolis

Kaka,

Huku baridi imekaza: leo nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Uliniuliza wanangu wataijuaje bahari wakikulia bara namna hii. Basi nimeanza kuwajengea moja ndani ya nyumba.

Tangi ni la kioo, la lita 300. Maji peke yake yana kilo 300 na ushei kabla hujatia jiwe, kwa hiyo nimeliweka ghorofa ya chini kabisa, juu ya sakafu ya zege. Maji ya bomba hayafai, yana dawa ya kuulia vijidudu na vitu vinavyolisha mwani. Nimeyapitisha kwenye mtambo unaoyachuja mpaka yasibaki na kitu, kisha nikatia chumvi maalumu yenye kalsiamu na magnesiamu, gramu 35 kwa kila lita.

Lakini kazi yenyewe iko kwenye mawe. Mgeni akiyaona hudhani ni pambo. Jiwe la matumbawe lina vitundu mpaka ndani, na humo hukaa bakteria. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, nayo bado sumu. Wa aina nyingine huifanya nitrati, ambayo samaki huistahimili ikiwa kidogo. Mpaka majeshi hayo yote mawili yaenee huchukua wiki nne hadi sita. Kwa sasa natia amonia kidogo, napima, nangoja. Samaki hayumo hata mmoja, na watoto wananidai kila asubuhi.

Mawe yangu nimeyanunua makavu, yamechimbwa nchi kavu, mabaki ya matumbawe ya kale kama mwamba wa mapango yetu ya Shimoni, pwani ya Kenya. Kwa miaka mingi mawe ya matangi yalitolewa baharini yakiwa hai, mengi yakitoka Fiji. Florida walikataza kuyang'oa miaka mingi iliyopita. Wafugaji wa huko sasa huzamisha mawe ya machimbo, huyaacha yaote uhai, ndipo huyavuna. Wewe ulizamia baada ya 1998, matumbawe yalipogeuka meupe pwani nzima. Unajua mwamba unavyochelewa kurudi. Siwezi kuupunguza mwamba wa watu kwa ajili ya sebule yangu.

Mawe nimeyasimamisha juu ya kioo chenyewe kabla ya kumwaga mchanga, ili viumbe wachimbaji wasije wakayaangusha. Sikuyabandika ukutani, nimeacha mapango madogo na njia, maji yazunguke kila upande. Tumbawe halitembei, kaka. Hewa na sehemu ya chakula chake huletewa na mkondo, na uchafu wake huondolewa na mkondo huohuo. Kwa hiyo nina pampu mbili zinazotazamana, zikipokezana kusukuma, moja ikipumzika nyingine ikivuma. Kwa pamoja husukuma zaidi ya lita 6,000 kwa saa, yaani tangi zima zaidi ya mara 20. Umeme ukikatika, hewa majini hupungua upesi kuliko joto, hivyo nimeweka pampu ndogo ya hewa inayotumia betri.

Matumbawe nitapata vipande kwa wafugaji wenzangu wa hapa, hukata yaliyokulia matangini mwao. Kwenye samaki ndipo nataka shauri lako. Wapo waliozaliwa matangini, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Ila Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo kwa miongo mingi, na baadhi ya majirani zako wanakula kwa kazi hiyo. Tafadhali waulize: wanawavua kwa vyandarua vya mkono, au wanavunja matumbawe kuwatoa mafichoni? Na wangapi hufa kabla ya kufika uwanja wa ndege? Ukiniambia wanavua kwa uangalifu, nitaagiza kitatange wa kwetu. La sivyo, nitachukua hao wa matangini.

Nisalimie mama na wote nyumbani.

Mdogo wako