Mashine Si Lazima Iwe Yako

Hapa Toronto, mtu akitaka kujifunza useremala huanzia dukani. Lee Valley, kampuni ya Kanada iliyoanzishwa mwaka 1978, huuza randa za mkono ambazo moja tu inaweza kugharimu mamia ya dola. Kisha hufuata msumeno wa meza, mashine ya kuranda na ya kutoboa. Gereji hujaa kabla kigoda cha kwanza hakijakamilika.

Keko, Dar es Salaam, fundi hununua mbao zake za mninga au mtiki, akazipeleka kwa mwenye mashine zichanwe na kupigwa randa kwa malipo, kisha akarudi nazo kibandani. Kazi yake hasa inaanzia hapo: kupima kwa guni, kuchimba matundu kwa patasi, kukata ndimi, kuunga, kupiga msasa na vanishi. Mashine moja inahudumia vibanda vingi.

Kwangu mimi, Keko wamelijibu swali la zana ghali vizuri kuliko sisi tulio huku. Mashine nzuri ina maana sana, kwa sababu inanyoosha kwa dakika chache ubao ambao mkono ungeutolea jasho nusu siku. Ila hakuna sababu ya kila mtu kumiliki ya kwake. Hata Toronto kuna maktaba ya zana, unaazima na kurudisha, na natamani Waswahili wengi zaidi wangeitumia.

Kinachopaswa kuwa chako ni makali. Patasi ghali ina chuma kinachotunza makali kwa muda mrefu. Ya bei nafuu hupoteza makali mapema, ukainoa tena. Bandika msasa wa maji juu ya kioo kinene. Sawazisha kwanza mgongo wa patasi, kisha noa mteremko wake, nyuzi 25 hivi, mpaka kidole kihisi ukwaru mwembamba wa chuma uliojikunja upande wa pili, kutoka pembe hadi pembe. Usipofika hapo hujanoa bado. Uondoe ukwaru huo, panda msasa laini zaidi, malizia kwa kipande cha ngozi. Halafu ijaribu kwenye kichwa cha ubao wa paini: patasi butu itazirarua nyuzi, kali itaacha uso laini.

Kuna mawili ambayo watu wa Toronto wanatushinda. Mbao zao za samani huuzwa zikiwa zimekaushwa kwenye tanuri. Kwetu Tanzania fundi mara nyingi huuziwa mbao mbichi, na meza yake huachia maungio hata angekuwa na zana za kifalme. La pili ni vidole. Kuna misumeno ya SawStop, ambayo jino likigusa ngozi husimama papo hapo. Ni ghali, na hapo sibishani na bei. Lakini kinga juu ya msumeno na kijiti cha kusukumia ubao vinaweza kutengenezwa kwa mabaki ya mbao, na bado naona mafundi wetu wakisukuma kwa vidole vitupu. Linaniuma sana.

Mpwa wangu anafungua kibanda na ameniomba mashine ya kuranda. Namtumia patasi nne, jiwe la kunolea na kipima unyevu. Fedha iliyobaki ni ya mbao: azinunue sasa, azipange kivulini zikitenganishwa kwa vijiti, zianze kukauka kabla hajapokea oda ya kwanza.