Programu ya wapenzi ipande kwanza Lutindi

Kwa wasafiri wengi Korogwe ni mji wa kupita. Basi la Moshi au Arusha linasimama, abiria wananyoosha miguu, wananunua machungwa, safari inaendelea. Kusini, ng'ambo ya Mto Pangani, ni nchi ya Wazigua kuelekea Handeni. Kaskazini, milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Huko juu, mbali na lami, ambako asubuhi watu husalimiana kwa "onga makeo" ya Kisambaa, ndiko iliko Lutindi.

Jina hilo linajulikana zaidi kwa hospitali. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walifungua hapo makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Reli kutoka Tanga ilikuwa bado haijafika Korogwe. Ilifika mwaka 1902. Mwaka 1904 makazi hayo yakageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, miaka 23 kabla Mirembe ya Dodoma haijafunguliwa. Leo hospitali ya Lutindi iko chini ya KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na kazi za shamba na za mikono ni sehemu ya tiba.

Mtu atauliza: mahali kama hapo na aplikesheni ya wapenzi wapi na wapi?

Uhusiano upo. Vijana wengi waliosoma kompyuta sasa wanatengeneza programu za simu peke yao, chumbani, bila kampuni wala mfadhili. Programu ya wapenzi huwavutia kwa sababu inaonekana nyepesi: watu wawili, ujumbe, picha, tarehe za kukumbuka. Ndivyo ilivyokuwa Between, iliyotoka Korea Kusini mwaka 2011. Lakini programu za namna hiyo zinadhani kwamba wote wawili wana simu janja, wote wana bando, na kilichowatenganisha ni siku moja tu ya kazi.

Mlimani mambo ni mengine. Mume anaweza kuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge bondeni, mke yuko juu na watoto. Au mmoja amelazwa na mwenzake amebaki nyumbani, wilaya nyingine kabisa. Mara nyingi simu janja ni moja. Mwingine ana kitochi, au anaazima ya jirani. Mtandao nao hutegemea umesimama upande gani wa kilima.

Kwa wanandoa hao, kinachohitajika si picha za mioyo. Wanaulizana: Umefika? Hela umeipata? Dawa umemeza? Kliniki ni lini? Mgonjwa wa akili anayeendelea na dawa baada ya kurudi nyumbani anahitaji mtu wa kumkumbusha kwa upole, na mara nyingi mtu huyo ni mwenza wake. Programu inayobeba maswali hayo manne, inayofanya kazi hata mtandao ukikatika na kutuma ujumbe wenyewe ukirudi, ingeweza kusaidia nyumba nyingi.

Kwa kitochi, njia ipo na imeshajaribiwa. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa Novemba 2012, ilimtaka mjamzito au mwenza wake atume neno MTOTO kwenda 15001, bure, kisha apokee ushauri kwa ujumbe mfupi. Tatizo ni kwamba ile ilikuwa kazi ya Wizara ya Afya na wadau wake. Namba fupi na ujumbe wa bure vinahitaji makubaliano na kampuni za simu, na mtu mmoja mwenye kompyuta moja hawezi kuubeba mzigo huo kirahisi. Kwake ni heri aanze na ujumbe mfupi wa kawaida, auhesabu gharama, na asiahidi zaidi ya hapo.

Kuiweka programu sokoni kuna masharti pia. Duka la Google hutoza dola 25 mara moja; la Apple dola 99 kila mwaka. Anayefungua akaunti mpya ya binafsi kwa Google lazima kwanza apate watu 12 wa kuijaribu programu yake kwa siku 14 mfululizo. Kwa programu ya wapenzi, 12 ni jozi sita. Wengi watawachukua marafiki wa chuoni. Jozi mbili tu zikitoka vijijini, mmoja bondeni na mwingine mlimani, zitamfundisha mengi kuliko marafiki wote.

Mtihani mkubwa zaidi ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Neno "dawa ya saa mbili usiku" likihifadhiwa pamoja na jina na namba ya simu, tayari linasema jambo kuhusu mtu. Ugonjwa wa akili bado unavunja uchumba na kufukuzisha watu kazi. Asichokihitaji mtengenezaji, asikikusanye kabisa.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni. Programu nyingi humtambua mtumiaji kwa namba ya simu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Mgonjwa aliyekaa wodini miezi kadhaa bila simu anaweza kukuta mgeni kabisa ameingia kwenye mazungumzo yake na mkewe. Namba pekee haitoshi. Iwepo pia namba ya siri.

Halafu kuna kitufe cha kuonyesha mwenza yuko wapi. Kwa wanaopendana ni faraja. Kwa nyumba yenye wivu na kipigo ni kamba shingoni, na aliyefungwa nayo anaweza kuishia kukimbilia Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kwa hiyo kila mmoja aweze kukizima bila kuomba ruhusa, na aweze kujitoa na kufuta taarifa zake siku ndoa ikivunjika.

Wanandoa nao wanaopewa programu yoyote ya mapenzi waulizane kwanza maswali matatu: nani mwingine anaweza kusoma haya, tukiachana yanakwenda wapi, na simu ikipotea itakuwaje? Ambaye hawezi kuyajibu kwa Kiswahili chepesi, asipewe kwanza siri za nyumba.