Sanduku na Sharubu

Sisi wa 8-4-4 tulifunzwa kutafuta mediani na robo kwa ule mkunjo unaopanda kwenye karatasi ya grafu kama S iliyovutwa. Mchoro wa sanduku nilikutana nao baadaye, nikilipwa kuufundisha. Niliacha kampasi mwaka wa pili karo ilipokatika, na siku hizi naishi kwa kuandika: makala hapa, maelezo ya bidhaa pale. Jumamosi nafunza hesabu binti wa miaka 15 anayejiandaa kwa IGCSE, mtihani wa Waingereza, na vitabu vyake vina mchoro huu.

Kuuchora si noma. Panga namba kutoka ndogo hadi kubwa, toa tano tu: ya chini kabisa, robo ya chini, mediani, robo ya juu, ya juu kabisa. Sanduku linaanzia robo hadi robo, mediani inakuwa mstari ndani yake, na kila upande unatoka mstari mwembamba, kama sharubu za paka. Tumia rula, basi.

Kuusoma ndiko kuna kazi. Mwanafunzi wangu aliona sanduku lenye upande mmoja mrefu akasema, "Ticha, hapa ndio kuna watu wengi." Zii. Kila kipande kina robo ya watu, kiwe kirefu au kifupi. Nikamwambia afikirie watu watano waliobanana kiti cha nyuma cha matatu, na watano wengine waliotawanyika Uhuru Park. Idadi ni ile ile, tofauti ni nafasi. Kipande kirefu kinasema watu wametawanyika; kifupi kinasema wamebanana. Alinyamaza kidogo, kisha akarudi kufuta majibu matatu bila kuambiwa.

Halafu kuna swali la kulinganisha madarasa mawili. Hapo msahihishaji anataka vitu viwili: nani ana mediani ya juu, na sanduku la nani ni fupi, yaani alama zake hazijatawanyika. Na useme ni alama za nini. Ukiandika tu "62 ni kubwa kuliko 55," umesoma namba, hujasoma darasa.

Mchoro huu ulienezwa na John Tukey, Mmarekani aliyeueleza kwenye kitabu chake cha 1977, Exploratory Data Analysis. Utotoni alisomeshwa zaidi nyumbani na wazazi wake, jambo ambalo mimi, mtu asiye na digrii, nalipenda kupita kiasi. Kwenye vitabu vya binti huyu sharubu hufika hadi namba za mwisho. Kwa njia ya Tukey, namba iliyoruka mbali na sanduku huachwa nje ya sharubu kama nukta, peke yake, uione.

Mwaka huu dadangu mdogo alikuwa anakuja Nairobi kusoma, tukaanza kutafuta keja ya wawili. Yeye alipenda moja ya 15,000. Alikuwa amepiga hesabu ya daftari langu la mapato, miezi 11, akapata wastani wa kama 24,000. "Si unatosha, kaka?"

Nikampangia miezi yenyewe, kwa maelfu: 4, 9, 12, 14, 15, 18, 20, 22, 26, 31, 95. Mediani 18. Robo ya chini 12, ya juu 26, kwa hivyo sanduku lina upana wa 14. Zidisha kwa moja na nusu, upate 21. Ongeza kwenye 26, ni 47. Sharubu inaishia 31. Hiyo 95 ni nukta huko mbali: ripoti ya shirika fulani, iliyokuja mara moja na haijarudi. Ndiyo iliyovuta wastani juu. Kati ya miezi 11, ni mitatu tu iliyofika 24.

Aliangalia mchoro sana. "Kwa hivyo miezi minne hata 15 hukupata?"

"Hata 15."

"Na ulikuwa unamtumia mathe?"

Sikujibu hilo. Alichukua rula, akashuka na kidole upande wa kushoto hadi nje ya sanduku, kwenye sharubu.

Tulichukua bedsita ya 9,000. Mwezi mmoja tu kati ya ile 11 ndio ungetushinda. Kitanda cha ghorofa kiliingia mlangoni baada ya kufunguliwa chote, skurubu moja ikapotea, na yeye ndiye analala juu.