Ufunguo wa Stoo ya Mipira

Tume ya Huduma za Walimu ilinipangia shule ya upili karibu na Awendo mwaka wa 2006, mwaka uleule SoNy Sugar ilipotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Timu ya kiwanda cha sukari, kutoka mji ambao wasafiri wengi waliupita tu wakielekea mpaka wa Isebania, ilikuwa imewashinda wakubwa wote wa Nairobi. Shangwe zilifika hadi ndani ya mashamba ya miwa, na kila mvulana darasani mwangu alitaka kuwa mchezaji. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na Historia. Mwalimu mkuu akaniongezea idara ya michezo kwa kuwa nilikuwa kijana, na kazi hiyo ya ziada ndiyo iliyokuja kuwa kazi ya maisha yangu.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuutoa ufunguo wa stoo mfukoni mwangu na kumpa mchezaji. Kila wiki ulikuwa na mtu wake. Aliyeushika alifika kabla ya wote, akahesabu mipira, akaijaza upepo, akaandika kwenye daftari kilichotoka na kilichorudi, na akaondoka wa mwisho. Mfungaji wetu hodari aliushika wiki yake kama yule wa akiba ambaye hakuwahi kucheza hata dakika kumi. Wavulana waliokuwa kimya darasani nilianza kuwasikia wakiwaambia wenzao, bila ukali na bila woga, warudishe jezi kabla ya kwenda nyumbani.

Mwisho wa muhula wachezaji wenyewe walipiga kura ya nahodha. Nilidhani watamchagua mwenye mabao mengi. Walimchagua beki wa kulia, mtoto wa mkata miwa, ambaye katika wiki zake hakuna kitu kilichopotea. Tangu siku hiyo sijawahi kumteua nahodha mimi mwenyewe. Vijana wanaofanya kazi pamoja humjua mwenzao wa kuaminika mapema kuliko mwalimu.

Nilipohamishiwa Nyatike, upande wa Macalder, nilikutana na mshindani ambaye sikuwa nimemzoea: dhahabu. Mvulana anayeshinda kwenye mashimo ya wachimbaji na kurudi na pesa mkononi jioni haoni kwa nini aketi darasani hadi Kidato cha Nne. Sikuweza kumwahidi ufadhili wala jina kwenye magazeti. Nilichoweza kumpa ni wenzake kumi wanaomhitaji uwanjani saa kumi jioni. Kanuni yetu ilikuwa moja: asiyekuja mazoezini humweleza nahodha, si mwalimu, na nahodha ndiye anayefuatilia. Wiki moja kiungo wetu hakuonekana. Nahodha alikwenda na wenzake wawili hadi machimboni, wakaketi naye, wakasikia kwamba mama yake alikuwa mgonjwa na nyumbani hakukuwa na unga. Walirudi na habari hiyo wakaanza kuchanga kabla sijajua lolote. Kijana yule alirudi shuleni. Aliyemrudisha ni mtoto wa miaka kumi na saba aliyejua kwamba timu ni wajibu wake.

Kaunti ya Migori, zilimo Awendo na Nyatike, ina watu wa jamii nyingi: Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya, Wasomali wa madukani, na wengine. Timu zangu zilikuwa hivyohivyo, nasi tulikubaliana kwamba uwanjani na ndani ya gari tutazungumza Kiswahili ili asiwepo anayesengenywa mbele ya macho yake. Muhula mmoja tulipangiwa mechi na shule ya upande wa Kuria wakati ambapo wizi wa ng'ombe ulikuwa umewasha hasira vijijini. Wazazi kadhaa walitaka tusiende. Manahodha wa timu zote mbili walipigiana simu, wakakubaliana kwamba mechi ichezwe, na kwamba baada yake wachezaji wale pamoja, wamechanganyika mezani, ugali na maharagwe. Mechi hiyo haikurudisha ng'ombe wa mtu yeyote. Lakini vijana wale walijuana kwa majina, na si rahisi kuaminishwa kwamba mtu unayemjua kwa jina ni adui.

Mtihani mkubwa ulikuja kupitia kwa mtu aliyetupenda. Kabla ya mashindano ya kaunti, mfadhili aliyetununulia jezi alituletea mshambuliaji aliyekuwa amekwisha kumaliza shule, pamoja na karatasi zenye tarehe mpya ya kuzaliwa. Kila anayefuata michezo ya shule anajua mamluki wa namna hii ni nani na hufika vipi. Nilikwisha kuamua kukataa, lakini nilitaka wachezaji waseme wenyewe. Nahodha alisimama akaniambia, "Mwalimu, huyu akicheza, ni nani tena ataliamini daftari la stoo?" Hakuna aliyeongeza neno. Mfadhili alizichukua jezi zake. Tulicheza na zile za zamani, tukatolewa katika nusu fainali, tukarudi nyumbani tukiimba. Timu inayoanza kwa tarehe ya uongo haiwezi kumfundisha mtoto ukweli hata ikibeba makombe yote ya kaunti.

Baadaye nilivuka kwenda Kaunti ya Homa Bay, upande wa Mbita, na huko kalenda ya mazoezi ilipangwa na mwezi. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti samaki, na mashua hukaa ufuoni. Wiki za mbalamwezi nilikuwa na timu kamili. Wiki za giza wavulana walikuwa ziwani usiku na wakisinzia darasani mchana. Wachezaji ndio walioleta shauri kwamba twende kwa viongozi wa ufuo, wale wa kamati ya usimamizi wa ufuo (BMU), tuwaombe wasiwapokee wanafunzi kwenye mashua usiku wa kuamkia siku ya shule. Nahodha ndiye aliyezungumza, mimi nikiwa nimeketi nyuma. Wenye mashua kadhaa walikubali, kwa sababu aliyewaomba alikuwa mtoto wa ufuo huohuo.

Huko Mbita ndiko nilikoanzisha timu ya wasichana, na sababu zake ziko wazi katika takwimu. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wakiishi na virusi vya Ukimwi, na asilimia 13 Migori, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila moja ya kaunti hizi mbili, asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Wastani wa nchi ulikuwa asilimia 15. Baba mmoja alinijia akaniuliza, "Japuonj, mwalimu, mpira utampeleka wapi msichana?" Nilimjibu, "Jaduong', mzee wangu, njoo Jumamosi uone." Alikuja. Alimkuta binti yake akiwapanga mabeki kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia nyumbani.

Baada ya mazoezi wasichana walikaa chini ya mti na muuguzi wa zahanati, bila wavulana na bila mimi, wakauliza maswali waliyokuwa nayo. Mmoja wao alijifungua akiwa Kidato cha Pili. Sera ya serikali tangu mwaka wa 1994 inamruhusu msichana kama huyo arudi shuleni, na mwongozo wa mwaka wa 2020 umeeleza hatua za kufuata, lakini karatasi haiwezi kumvusha mtu lango la shule huku wenzake wakimcheka. Timu ndiyo iliyomvusha. Walikwenda kumchukua nyumbani, wakamkabidhi ufunguo wa stoo wiki ya kwanza, na wakamwazima daftari zao kwa zamu ili aandike alichokosa. Alimaliza Kidato cha Nne akiwa kipa wetu.

Nilijifunza pia kutoka kwa wengine. Chama cha Michezo ya Vijana cha Mathare, MYSA, kilichoanzishwa Nairobi mwaka wa 1987 na Bob Munro, kiliwapa watoto pointi za ligi kwa kusafisha mitaa yao, na kutoka humo ikazaliwa Mathare United, mabingwa wa Kenya mwaka wa 2008. Katika ligi ndogo ya wadi yetu tuliiga mpango huo: timu iliyosafisha ufuo wake ilipata pointi. Wachezaji wangu wachache sana walifika ligi za juu. Wengi wao leo ni wauguzi, mafundi, walimu na wavuvi, na yupo anayeongoza kamati ya ufuo aliotoka. Naona matunda ya kazi yangu kwao.

Tarehe 1 Juni 2025 taifa lilisherehekea Madaraka Dei katika Uwanja wa Raila Odinga mjini Homa Bay, na nilijivunia kuona uwanja wa namna ile katika kaunti yetu. Mtaala mpya nao umeifanya Sanaa na Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za shule ya upili ya juu. Hayo ni mema. Lakini watoto wengi wataendelea kucheza kwenye viwanja vya shule vyenye mashimo na magoli ya miti, na mtu atakayeamua wanajifunza nini pale ni mtu mzima aliyesimama pembeni.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, makocha na wazazi wa Migori na Homa Bay: wapeni watoto kazi kabla ya kuwapa sifa. Wapeni ufunguo, daftari na haki ya kumchagua kiongozi wao. Kataeni mamluki hata anapoletwa na rafiki. Nendeni uwanjani Jumamosi, mabinti wakicheza, mkae hadi kipenga cha mwisho. Mtoto aliyepewa dhamana na kuaminiwa atakuwa kiongozi, awe ameshinda kombe au hakushinda.