Kipupwe cha Ruiru na Mishale ya Ndege Ndogo

Ukiabiri matatu ya Thika asubuhi ya mwezi wa Julai, jaribu kupata kiti cha dirishani. Mkishapita Kahawa, utaona ukungu umetanda juu ya mibuni iliyosalia Ruiru na juu ya maghorofa yaliyochukua nafasi ya mingine. Kule mbele, upande wa kulia, Mlima Kilimambogo wenye kimo cha zaidi ya mita 2,100 huwa umejificha. Mlima Kenya ndio usiutafute kabisa. Hicho ndicho kipupwe chetu, kinachoanza Juni na kuishia Agosti.

Sasa tega sikio. Ule mlio mwembamba juu ya mawingu ni wa ndege ndogo, pengine imetoka uwanja wa Wilson ikielekea Nanyuki. Siku ya jua rubani hana shida. Huifuata barabara kuu na reli, akaiona Ruiru, kisha Thika. Siku ya ukungu, macho yake ni zile saa za duara zilizopangwa mbele yake. Je, zikimdanganya?

Hili si swali la mzaha. Thika iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, lakini ukielekea magharibi ardhi hupanda hadi Limuru, zaidi ya mita 2,200. Anayedhani yuko juu kuliko alivyo anaweza kukutana na mlima ndani ya wingu. Isitoshe, mashamba ambayo zamani yangempokea rubani mwenye dharura sasa yamejaa nyumba. Wakazi wa Mwihoko, Ruiru, hawajasahau Agosti 7, 2025, ndege ya AMREF ilipoanguka na kuua watu 6, wawili kati yao wakiwa chini. Ile ilikuwa jeti, na chanzo chake si habari yetu ya leo. Lakini ilitukumbusha kwamba ya angani hayawahusu walio angani peke yao.

Huko Kanada na Ulaya ya kaskazini, adui wa majira ya baridi ni barafu inayoziba vipimo. Hapa kwetu, hewa haifiki kiwango cha kuganda hadi upande zaidi ya mita 4,000. Kwa hivyo adui wa Ruiru na Thika ni maji na wadudu.

Chini ya bawa la ndege ndogo kuna mrija mwembamba unaotazama mbele. Hewa inayoingia humo ndiyo inayosukuma mshale wa kasi. Ndege ikilala nje bila mrija huo kuvishwa kifuniko, nyigu anaweza kujenga humo nyumba yake ya udongo. Msidharau jambo hili. Mnamo Februari 6, 1996, ndege kubwa ya Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 wakafa. Wachunguzi walisema mrija uliziba, na mshukiwa mkuu alikuwa nyigu.

Ukiziba kabisa, mrija huo hufanya kioja: kadiri ndege inavyopanda, ndivyo mshale unavyoonyesha kasi inaongezeka, hata kama ndege inapunguza mwendo. Rubani akiuamini, atainua pua ya ndege zaidi, na mabawa yatashindwa kuibeba. Ndiyo maana wanafunzi wa urubani hufundishwa kuutazama mshale huo wakiwa bado wanakimbia ardhini. Usipoamka, safari huvunjwa papo hapo.

Ubavuni kuna tundu jingine dogo, la kupima kimo. Tone la maji la usiku wa manyunyu, au utepe uliosahaulika baada ya kuosha ndege, linatosha kuliziba. Hapo mshale wa kimo husimama tuli ndege ikipanda au ikishuka. Ndege nyingi zina tundu la akiba, ambalo rubani hulifungua kutoka ndani. Tena, kipimo cha kimo hurekebishwa kwa shinikizo la hewa la siku hiyo. Kosa la hektopaskali 10 humdanganya rubani kwa mita 80 au zaidi.

Lakini sikiliza hili, maana ndilo kubwa. Wakati mwingine mshale unaoshukiwa ndio unaosema kweli. Hewa inapopita kwenye kabureta hupoa kwa digrii 20 na zaidi. Asubuhi yenye unyevu kama ya Thika, barafu inaweza kufanyika ndani ya injini ilhali nje watu wamevaa sweta tu. Mshale wa mizunguko ya injini huanza kushuka polepole. Asiyejua atasema, "Saa hii imeharibika." Anayejua huvuta kishikio cha kupeleka hewa moto kwenye kabureta. Injini hukohoa na mshale kushuka zaidi, kwani barafu inayeyuka. Kisha hupanda tena. Ole wake anayeogopa kikohozi hicho na kukirudisha kishikio mapema!

Basi rubani afanyeje? Kidole kimoja hakivunji chawa. Mshale mmoja ukisema ajabu, huulizwa wenzake. Shinikizo la oili likianguka na joto la oili likipanda, mashahidi ni wawili: tua haraka. Shinikizo likianguka na joto lisibadilike, huenda kipimo ndicho kigonjwa, lakini bado tua uwanja ulio karibu, ukaulize ukiwa ardhini. Aidha, kabla ya kuruka, mafuta hupimwa kwa kijiti ndani ya tangi, na kiasi kidogo humwagwa kwenye chupa ili kuona kama maji ya usiku yamejichanganya humo.

Nanyi wanafunzi mnaoota kurusha ndege, msidhani kazi hiyo huanzia mawinguni. Huanzia chini, kwenye baridi, mtu akiinama kuchungulia tundu dogo kuliko kalamu. Na ukungu wa Julai ukikataa kuondoka, rubani hodari hunywa chai na kungoja. Kilimambogo hakihami, kitaonekana saa tano.