DADA KAANIKWA KWENYE KAVA, JAMAA JINA KAPUNI

Wadau mnayakumbuka magazeti ya udaku enzi zile? Jumatatu Ijumaa Wikienda, Jumanne Uwazi, Jumatano Risasi, Alhamisi Amani, Ijumaa ndo Ijumaa lenyewe. Wiki nzima kava, na kava lilitaka mwanamke.

Staa wa Bongo Movie, kigauni kifupi, maandishi mekundu na njano: ANASWA NA MUME WA MTU? Jina lake hilo, sura yake hiyo, tena picha yenyewe ya sherehe ya zamani, haihusiani kabisa na stori. Huyo mume wa mtu sasa! Mara kigogo, mara pedeshee, jina kapuni. Walikuwa wawili, kaanikwa mmoja.

Kinachouma zaidi, wengi walikuwa hawanunui. Mtu anasimama kwenye meza ya magazeti, anasoma vichwa vya habari, daladala ikija huyoo. Ndani dada kakanusha mpaka basi, na ile alama ya kuuliza pale mbele inamlinda mhariri, sio yeye. Nani kafika huko ndani?

Sasa sema kwao huyo dada ni Msimbu, Kisarawe. Gazeti linarudi na abiria kutoka mjini, kesho kava limefungia vitumbua. Mama mtu anaulizwa njiani, "Mwanao vipi tena?" Yeye hata stori hajaisoma.

Siku hizi meza imehamia Instagram. Dada anatagiwa, jamaa kabandikwa emoji usoni.